Kumi ya Tatu

Septemba 2025, usiku wa manane, nilikuwa sebuleni kwangu Moshi nimepunguza sauti ya runinga ili watoto wasiamke, namtazama Alphonce Simbu akiingia uwanjani Tokyo kumalizia marathoni. Kilomita 42 zilikuwa zimekwisha na bado yeye na Mjerumani Amanal Petros walikuwa bega kwa bega. Muda wao ulisomeka mmoja, 2:09:48. Ilibidi picha ya mstari wa mwisho ndiyo iamue, na tofauti ikawa sehemu 3 za mia za sekunde. Dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Nililia. Kulipokucha, badala ya kilomita zangu 8 za kawaida kwenye tambarare, nilipandisha barabara ya Mweka kwa kasi ambayo mwili wangu wa miaka 46 haukuwahi kuombwa.

Kwenye mpando mmoja miguu ilikataa na masikio yakaanza kuvuma. Nikakaa juu ya ukingo wa mtaro, nikaweka vidole viwili shingoni, nikatazama saa yangu ya Casio na kuhesabu kwa sekunde 15. Mapigo 44. Mara nne, 176. Ile kanuni ya zamani inayosema 220 toa umri wako ingenipa kikomo cha 174. Kanuni iliyopendekezwa mwaka 2001, ya 208 ukitoa asilimia 70 ya umri, ingenipa 176 kasoro kidogo. Najua hizo ni wastani wa watu wengi, na moyo wa mtu mmoja unaweza kuzidi au kupungua hapo bila kuwa na ugonjwa wowote. Lakini baba yangu alianguka shambani akiwa na miaka 58, jembe mkononi, na hakuamka. Nilishuka hadi mjini kwa miguu, polepole.

Daktari alinipima akasema moyo ni mzima. Akanishauri nijenge msingi kwanza: miezi mitatu ya mbio za taratibu, mapigo yasivuke 150. Sasa mtu anajuaje kwamba hajavuka 150 bila kusimama kila baada ya dakika mbili kushika shingo? Hapo ndipo hadithi ya saa janja, ya kusoma mapigo mkononi, ilipoanza, na ilinichukua miezi minne kuimaliza.

Niseme kwanza kazi yangu, kwa sababu ndiyo iliyoamua mengi. Mimi ni mpima ardhi. Wiki moja niko ofisini nachora ramani, wiki inayofuata niko porini na mtaimbo, panga, saruji na mawe ya mipaka, mara nyingine mahali ambapo umeme ni wa jenereta ya mwenye duka na huzimwa saa tatu usiku. Saa yangu hugonga mwamba, huingia matope, huoga jasho na vumbi jekundu. Kwa hiyo nilipoanza kutafuta, nilitafuta zile zinazouzwa kwa jina la ugumu: Apple Watch Ultra 2, Garmin Fenix 7 Pro, Samsung Galaxy Watch Ultra, na Amazfit T-Rex 3. Mbili za kwanza zilitoka kiwandani kwa bei ya dola 799, ya Samsung dola 649, ya Amazfit chini ya 300. Dola 799 ni karibu shilingi milioni mbili, na hapo hujagusa usafirishaji wala kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18.

Mke wangu alisikiliza hesabu hiyo hadi mwisho. "Baba Neema," akasema, "kwa hela hiyo mama angepata ng'ombe wa maziwa." Alikuwa anasema kweli, na sentensi hiyo ilinifaa kuliko maoni yote niliyoyasoma. Kila mara nilipovutiwa na kitu kinachong'aa nilijiuliza kama kina thamani ya maziwa ya kila asubuhi kule Kibosho kwa mama.

Swali la kwanza kabisa, ambalo hakuna muuzaji aliyeniuliza, ni simu uliyonayo. Saa ya Apple haiwezi kuanzishwa wala kutumika na simu ya Android. Galaxy Watch Ultra nayo hutaka Android, iPhone haiifai. Garmin na Amazfit zinakubali zote mbili. Simu yangu ya kazi ni Android kwa sababu programu za upimaji tunazotumia ziko huko, na mimi sibadili simu kwa ajili ya saa. Hapo Apple ilikuwa imeshatoka. Hata hivyo sikutaka kuiacha bila kuijua, kwa sababu mdogo wangu wa kike anayo, na anaipenda kwa dhati.

Nilikaa kwake Dar wiki moja. Kila alfajiri tulikimbia kando ya bahari hadi Coco Beach na kurudi. Ile Ultra 2 ni saa nzuri, niseme bila kinyongo. Kesi yake ni titani ya milimita 49, kioo chake bapa ni yakuti samawi, mwanga wake hufika niti 3,000 hivyo unaisoma hata jua la saa sita mchana likiwa utosini. Alipokea simu ya ofisi mkononi tukiwa tunakimbia, akajibu ujumbe kwa kusema tu. Ina king'ora cha desibeli 86 kwa ajili ya mtu aliyepotea au aliyeumia. "Kaka, mimi naichaji nikiwa naoga na nikiwa navaa," aliniambia. "Basi. Sijawahi kuona tabu." Na kweli kwa maisha yake, ya nyumba yenye umeme, ofisi yenye umeme na gari lenye chaja, hakuna tabu yoyote. Kiwanda kinaahidi saa 36 za matumizi ya kawaida, na Ultra 3 iliyotoka Septemba hiyohiyo inaahidi 42.

Mimi nikawaza siku tano za porini.

Sasa niingie kwenye jambo ninalolijua kwa mikono yangu, yaani kupima umbali kwa setilaiti. Setilaiti za GPS ziko takribani kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yanapofika chini ni dhaifu sana. Adui wake mkubwa kwa mkimbiaji ni mwangwi. Wimbi linagonga ukuta, jabali au jani lenye maji, kisha linafika kwenye saa likiwa limechelewa kidogo, na saa inadhani uko mahali ambapo hupo. Yeyote aliyekimbia kuelekea Mweka anajua kulivyo: vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, pande zote, migomba imefunga, mibuni chini yake, migrivea mirefu juu. Baada ya mvua majani yote yamelowa. Ni pazuri mno kwa mapafu, ni pabaya mno kwa setilaiti.

Saa za zamani, na nyingi za bei nafuu hadi leo, husikiliza masafa mamoja tu, L1, ya megahezi 1575.42. Ultra 2, Fenix 7 Pro, ile ya Samsung na hata T-Rex 3 husikiliza na L5, ya megahezi 1176.45. Wimbi la L5 lina msimbo unaokwenda haraka mara kumi, na kwa hiyo ni rahisi zaidi kulitenganisha wimbi la kweli na mwangwi wake. Kuna na sababu nyingine inayotuhusu sisi tulio karibu na ikweta. Ionosfea, tabaka la juu la hewa lenye chaji za umeme, huku husumbua sana, hasa baada ya jua kuzama, na huyachelewesha mawimbi. Ucheleweshaji huo hutegemea masafa, ndiyo maana vifaa vyetu vya kazi hulinganisha masafa mawili na kuufuta. Wapima ardhi wamelijua hili miaka mingi. Kulikuta kwenye mkono wa mkimbiaji kulinifurahisha kama mtoto.

Sikutosheka na kusoma. Jumamosi moja nilichukua risiva ya ofisini, kifaa chetu cha kupokea mawimbi ya setilaiti, na kijana wangu wa kazi, tukapima kilomita moja kamili ya barabara chini ya miti, tukapigilia misumari miwili kwenye ukingo wa lami. Kisha nikaazima saa mbili: moja ya zamani ya masafa mamoja, na Fenix 7 Pro ya mwenzangu kazini aliyekuwa likizo. Nilikimbia kati ya misumari hiyo mara sita, saa moja kila mkono. Ile ya zamani ilinipa kati ya 1.03 na 1.07. Fenix ilicheza kati ya 0.99 na 1.01. Mtu anaweza kusema mita 50 si kitu. Kwenye nusu marathoni ni kilomita moja na zaidi ya uongo, na mwendo unaousoma mkononi ni wa mtu mwingine, si wako.

Kwenye mapigo ya moyo nilijifunza jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo ningependa kila anayenunua saa kwa sababu ya afya alijue kabla ya kutoa pesa. Saa hizi zote hupima moyo kwa kumulika ngozi kwa taa ya kijani na kusoma mwanga unaorudi. Damu hunywa kijani, hivyo kila pigo linapoleta damu mwanga unaorudi hupungua. Melanini, ile inayotupa weusi wetu, nayo hunywa kijani. Kwa hiyo swali kama zinasoma sawa kwenye ngozi yetu ni swali halali kabisa, na watafiti wamelifuatilia. Kundi la Chuo Kikuu cha Duke lilichapisha mwaka 2020 utafiti wa watu 53 wa rangi mbalimbali za ngozi. Halikukuta tofauti kubwa ya usahihi kati ya ngozi nyeusi na nyeupe, lakini lilikuta kwamba mtu akiwa kwenye shughuli makosa huongezeka kwa wastani wa asilimia 30 kuliko akiwa ametulia. Yaani kinachotusumbua zaidi ni mtikisiko wa mkono.

Nami niliuona kwa macho yangu. Saa ya mkononi, yoyote ile, ikiwa imelegea kidogo inaweza kudaka mdundo wa hatua zako na kuudhania moyo. Hatua zangu ni kama 168 kwa dakika. Asubuhi moja ya baridi nilikuwa nakimbia taratibu huku nazungumza bila shida, mkononi nasoma 168, vidole vyangu shingoni vinasema 136. Mtu mwenye hofu ya moyo akikutana na hali hiyo anaweza kukata tamaa ya mazoezi kabisa. Kinyume chake ni hatari zaidi: saa ikamwambia 140 wakati moyo uko 175.

Dawa yake ni ya zamani na ni nafuu. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo wenyewe badala ya kukisia kwa mwanga. Polar ya Finland ilitoa kipima mapigo cha kwanza kisichotumia waya mwaka 1982, na hadi leo mkanda wa namna hiyo ndio wakimbiaji wanaouamini. Unauzwa kwa sehemu ndogo sana ya bei ya saa hizi. Nilinunua mkanda kabla sijanunua saa. Kama lengo lako ni moyo pekee, na fedha ni ya kubana, nunua mkanda na uuunganishe na simu. Ng'ombe wa mama atabaki.

Kabla sijaendelea, hili lazima niliseme, na nalisema kwa uchungu. Katika kuzunguka kwangu madukani kijana mmoja alinionyesha saa ya shilingi elfu themanini, akaniapia kwamba inapima sukari bila kutoboa kidole. Mama yangu ana kisukari, anajitoboa kila siku, na kwa sekunde chache nilitaka sana iwe kweli. Si kweli. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya umma wazi kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mgonjwa akichoma insulini kwa kufuata namba ya saa ile anaweza kupoteza fahamu, hata kufa. Hata presha: saa za Samsung zenye kipimo hicho hutaka uzirekebishe kwa mashine ya kawaida ya mkononi kila baada ya wiki nne. Nanyi mnaonunua kwa ajili ya ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, kipengele hicho hufunguliwa nchi kwa nchi. Hakikisheni kinafanya kazi mlipo kabla ya kulipa.

Nirudi kwenye ugumu. Kila tangazo la saa hizi lina mlima, theluji na mtu mwenye ndevu. Nami Casio yangu ni G-Shock, nimeivaa miaka kumi na moja, nikaanza kusoma ilivyozaliwa. Mhandisi wa Casio, Kikuo Ibe, aliangusha saa aliyopewa na baba yake ikavunjika. Akaanza kutafuta saa isiyovunjika, akatengeneza sampuli zaidi ya 200, na ya kwanza ikatoka 1983. Alijiwekea kumi tatu. Ianguke kutoka mita 10 isivunjike. Izuie maji kwa shinikizo la ba 10. Betri idumu miaka 10.

Ile kumi ya tatu ilinisimamisha. Ibe aliihesabu betri kuwa sehemu ya ugumu. Kwenye matangazo ya leo kumi mbili za kwanza zipo zote, zimepambwa kwa titani na yakuti, na ya tatu haitajwi na mtu.

Na kwa kweli kioo cha yakuti kina maana. Kwenye kipimo cha Mohs, cha ugumu wa madini, kiko 9, na chembe za kwatsi zilizojaa kwenye mchanga na vumbi letu ziko 7, wakati kioo cha kawaida hakifiki hapo. Vumbi la Same na Mwanga huchubua kioo cha kawaida kila ukikifuta kwa shati, yakuti halitachubuka. Lakini saa yenye kioo kisicho na mkwaruzo na betri iliyokufa ni kipande cha titani.

Nikafanya hesabu. Apple wanasema betri ya saa yao imetengenezwa kubaki na asilimia 80 ya uwezo baada ya mizunguko kamili 1,000 ya chaji. Ukitumia saa 24 kati ya 36, unakula theluthi mbili ya mzunguko kwa siku; elfu moja inafika baada ya siku 1,500, miaka minne na kidogo. Hapo haijafa, imepungua, na dukani kwao kuna huduma ya kuibadili, kama unaishi karibu na duka lao. Fenix 7 Pro ya milimita 47 inaahidi siku 18. Mimi ninayekimbia saa nzima karibu kila siku napata kama siku 11. Nikitumia kipimo hichohicho cha mizunguko elfu, ni miaka 30. Betri ya lithiamu haiishi miaka 30, huzeeka hata ikiwa kabatini, na joto huiharakisha. Lakini nafahamu ipi kati ya hizo mbili itakufa kwa kuchoshwa na ipi itakufa kwa uzee.

Nilimpelekea swali hilo fundi saa wangu, mzee mwenye meza ndogo karibu na stendi ambaye ameitunza Casio yangu tangu niinunue. Nilimkuta ana saa janja ya mteja mwingine, kioo kimetoka, gundi inaning'inia kama utando.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unaiona hii? Betri ipo, nimeiagiza, imekuja. Kuiweka naweza. Nilichomwambia mwenyewe ni kwamba asinawe nayo tena, maji yataingia."

Akaiweka pembeni, akachukua Casio yangu, akafungua skurubu nne, akabadili betri, akapaka grisi kidogo kwenye pete ya mpira, akafunga. Dakika saba.

Nilinunua Fenix 7 Pro ya yakuti na ya jua, mwishoni mwa Januari, kwa bei iliyokuwa imeshuka sana baada ya Fenix 8 kutoka Agosti 2024. Sikuhitaji spika wala skrini ya rangi kali. Skrini ya hii hutumia mwanga wa nje, na kadiri jua linavyokuwa kali ndivyo inavyosomeka. Pete ya jua kuzunguka kioo huhesabiwa kwa saa tatu za nje kila siku kwenye mwanga wa lux 50,000. Mfanyakazi wa ofisini hawezi kuzifikisha, mimi nazifikisha kabla ya chakula cha mchana, mradi nikunje mkono wa shati. Vitufe vitano, vyote hubonyezeka kwa kidole chenye saruji.

Baadhi ya mambo ya kila siku sikuyaona kwenye tangazo lolote. Ina tochi ndogo ya kweli kwenye ukingo, na tangu umeme ulivyoanza kukatika jioni, hata Neema akisikia giza limeingia huita "Baba, mkono!" badala ya kutafuta simu. Jambo la pili ni la tahadhari: zima arifa za pesa za simu. Nilikuwa nimeshika bomba la daladala, ujumbe wa muamala ukaingia, salio langu likawaka mkononi mbele ya watu sita.

Usingizi inaupima, naupenda mstari wake, lakini siupi uzito mkubwa. Hatua elfu kumi nilizifuta kwenye skrini. Namba hiyo ilianza na kipima hatua cha Kijapani cha mwaka 1965 kilichoitwa Manpo-kei, "kipimo cha hatua elfu kumi", na siku ninayovuka mito kutafuta mawe ya mpaka hainihusu.

Jana nilipandisha Mweka tena, mkanda kifuani, saa mkononi. Nilipofika kwenye ule mtaro nilisoma 147. Nikapunguza kidogo, ikashuka 143, nikaendelea kupanda hadi mahali ambapo migomba inaanza kupungua na upepo kubadilika, nikageuka.

Ni siku ya 4 tangu niichaji. Inasema zimebaki 7. Kesho alfajiri naondoka kwenda Same kupima mashamba, siku tano, na chaja nimeiacha mezani.